Utando wa Chikombo

Mtu wa kwanza kuuawa na utando wa Chikombo alikuwa mwanamke aliyemfuata ndama.

Nyemo Ndahani alimwona kutoka juu ya paa la banda la kukatia utando, alikopanda kukagua vumbi linaloletwa na upepo wa asubuhi. Mbele yake mbuga yote ilikuwa nyeusi na bapa, inang'aa kama mgongo wa kambare aliyetolewa majini sasa hivi. Ndama alivuka mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, akapiga hatua chache juu ya weusi ule, akaanguka kama aliyekatwa miguu. Mwanamke alikuja nyuma yake akikimbia, sketi ya ngozi ikimpiga magotini. Aliinama, akamshika ndama mkia amvute.

Mwili wake ulikakamaa. Kichwa kilirudi nyuma, taya zikajibana, na kutoka viganjani pakasikika mlio kama wa maji yanayodondokea mafuta ya moto. Hakupiga kelele, hakuweza. Alibaki vile, ameshika mkia, huku moshi ukipanda kutoka kwenye bangili za shaba mikononi mwake.

"Zima kinga!" Nyemo alipiga ukelele kwenye redio. "Zimeni kinga ya upande wa kusini!"

Aliteremka ngazi na kukimbia. Alipofika kwenye mawe, mdogo wake Mazoya, msimamizi wa wakataji, alikuwa ameshawahi na mti mrefu mkavu, anausukuma mwili wa yule mama mpaka ukaachia mkia na kubingirika. Walimvuta kwa kamba. Viganja vyake vilikuwa vimeungua hadi mfupani.

Wafugaji walikuwa wamekusanyika upande wa pili wa mawe. Mwanamume mmoja mrefu, shuka lake jekundu limefungwa begani, alisogea akapiga magoti karibu na maiti. Alikuwa mume wake, jina lake Gidamis. Aliuangalia uso wa mkewe kwa muda mrefu, kisha akamtazama Nyemo.

"Mama, hiki kitu chenu," alisema kwa Kiswahili cha taratibu, "mwaka jana kilikuwa kule ng'ambo ya korongo. Sisi tulikuwa hapa. Hatujahama."

Gidamis alimbeba mkewe mabegani peke yake, akakataa msaada, akaondoka naye kuelekea bomani.

*

Ofisi ya Elibariki Ntandu, mkuu wa kampuni, ilikuwa ndani ya kinu cha zamani cha kukamulia alizeti, mahali kampuni ilipozaliwa. Wakati ule walikuwa wawili tu, yeye na Nyemo, na beseni moja la plastiki. Ndani ya beseni Nyemo alikuwa ameotesha kitu ambacho walimu wake walimwambia hakiwezekani: vijidudu vinavyokula mchanga na chumvi, vikijisuka kuwa ngozi nyembamba nyeusi, na ngozi hiyo ikipigwa na jua inatoa umeme. Paneli nyingine zilitengenezwa kwa tanuru na mashine kutoka ng'ambo. Hii iliota. Ulikata kipande, ukakikausha, ukakitia kwenye fremu, tayari una paneli. Na pale ulipokata, ngozi ilijiziba yenyewe kufikia jioni.

Kutoka beseni walihamia tangi, kutoka tangi wakahamia shamba, na shamba likawa mbuga. Malori yalipeleka paneli za Chikombo hadi Goma na Lusaka. Utando mama, ule uliobaki ardhini, ulijilimbikizia umeme katika matabaka yake kama betri, na ndio uliowasha miji yote ya ukanda ule. Kampuni iliajiri nusu ya vijana wa wilaya. Ilijenga shule, na hospitali ikapewa umeme bure.

Kisha wizi ukaanza. Mtu akiiba kipande cha ukubwa wa sahani, akakilaza darini na maji ya chumvi, ndani ya msimu mmoja alikuwa na paneli yake, na jirani yake pia. Ndipo kinga ilipobuniwa: yeyote atakayekanyaga utando bila buti za kampuni apigwe kidogo, kama ng'ombe anavyopigwa na waya wa umeme. Nyemo ndiye aliyeichora.

"Niliiweka impige mtu aruke," alimwambia Elibariki siku ile. "Sikuiweka iue. Nani ameipandisha?"

Elibariki hakuyakwepa macho yake. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, ambaye hakuna mfanyakazi aliyewahi kumsikia akitukana.

"Mimi. Wezi walishazoea ile ndogo, Nyemo. Walikuwa wanavaa ndala mbili mbili na kuja kukata."

"Yule mama hakuja kukata."

"Najua. Tutazika, tutalipa fidia, tutaongeza mabango."

"Na ile mipaka? Utando umetambaa mpaka malishoni mwao."

"Utando unakua. Ndiyo kazi yake. Tukiuzuia kukua, unakufa, wewe mwenyewe ulinifundisha." Aliweka mikono mezani. "Unajua mwanangu wa kwanza alivyokufa. Daktari alikuwa anampasua mke wangu kwa mwanga wa simu yangu, simu ikazima. Tangu tuwashe hospitali ya Chikombo, hakuna mama aliyepoteza mtoto kwa sababu ya giza. Niambie nipunguze kinga, waibe, kampuni ife, halafu uende ukawaambie hao kina mama."

Nyemo alimtaka atoe ahadi, naye akaitoa: kinga ingeteremshwa. Alimwamini, kwa sababu walikuwa wamekula ugali wa sahani moja kwa miaka, na kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi.

Kinga haikuteremshwa. Elibariki alibadilisha namba ya siri ya mtambo wa kinga, akabaki nayo kichwani peke yake.

*

Gidamis alirudi baada ya matanga, saa ya zamu kubadilishana, geti likiwa wazi na watu wakiingia na kutoka.

Walikuja wengi, kwa miguu, bila kelele. Mlinzi wa kwanza alipigwa rungu la kisogo akiwa anakunywa chai. Wa pili alifyatua bunduki, akamwangusha mmoja, kabla mkuki haujamwingia ubavuni na kumgandisha kwenye mlango wa kibanda. Ndipo king'ora kilipolia, na watu waliokuwa wakitoka wakaanza kukanyagana kurudi ndani.

Nyemo alikuwa kwenye banda la kukatia. Aliwaona wakiingia kwa mlango wa malori, mashuka mekundu katikati ya mashine za bluu. Walipasua matangi kwa shoka. Uji mweusi wa utando mchanga ulimwagika sakafuni, watu wakateleza humo, wakachinjana humo humo. Kijana wa kufunga fremu alimponda mfugaji mmoja kichwani kwa chuma, akaendelea kumponda hata alipokwisha kufa. Mfugaji mwingine alimkata yule kijana shingo kutoka nyuma.

Mazoya alikuwa amepanda juu ya meza, anawaelekeza wakataji wake watokee dirishani. "Mmoja mmoja," alikuwa anasema, "mmoja mmoja, mtapita wote." Alimwona dada yake, akamwonyesha kwa mkono apite yeye pia. Gidamis alitokea kando ya meza. Mkuki uliingia chini ya mbavu za Mazoya ukatokea mgongoni, akakaa chini polepole juu ya meza kama mtu aliyechoka, akaushika mti wa mkuki kwa mikono miwili.

Nyemo alimfikia akiwa bado anapumua.

"Dada," alisema Mazoya, "usiuchomoe."

Nyemo hakuuchomoa, lakini Mazoya alikufa hivyo hivyo, damu yake ikichanganyika na ule uji hadi usijue kipi ni kipi.

Walinzi wa akiba walifika na bunduki za rashasha. Wafugaji waliobaki walikimbilia mbugani, wakifuata njia ya udongo ambayo bado haikuwa imefunikwa, mpaka kwenye boma lao. Huko walikuwa wake zao, watoto na mifugo.

*

Kwenye chumba cha mitambo Elibariki alikuwa peke yake. Mafundi wote walikuwa wamekimbia au wako na majeruhi. Ukuta mzima ulikuwa kioo, na kamera inayoruka ilionyesha boma la wafugaji kutoka juu: duara la miiba katikati ya weusi.

Nyemo aliingia na damu ya mdogo wake hadi viwikoni.

"Nimefungua lishe yote," alisema Elibariki bila kugeuka. "Mabomba yote ya kusini."

Kwa kawaida utando ulitambaa taratibu, jicho lisiweze kuona. Ukipewa lishe yote kwenye jua la adhuhuri, ulikimbia. Kwenye kioo, njia ya udongo ilikuwa imeshafungwa. Ukingo mweusi ulikuwa unalizunguka boma, unapita chini ya miiba, unaingia ndani. Ng'ombe walikuwa wanarudi nyuma, wanapandana. Mmoja alikanyaga, akaanguka, na aliyemgusa akaanguka juu yake.

"Kinga iko kiwango gani?" Nyemo aliuliza.

"Juu kabisa."

Nyemo alivuta kiti akakaa. Jambo ambalo baadaye hakumficha mtu ni kwamba alifurahi. Alitafuta shuka la Gidamis kwenye kioo, akataka amwone akikakamaa kama mkewe. Aliona mwanamume mmoja akijaribu kuruka, akaanguka kifudifudi, mgongo ukapinda kama upinde, na moyo wake ukasema bado, ongeza.

Kisha kamera ikashuka. Katikati ya boma wanawake walikuwa wamewapanga watoto juu ya paa la nyumba ya udongo. Bibi mmoja hakuweza kupanda. Alisimama kwenye udongo uliobaki, ukubwa wa mkeka, na alipoona weusi unamfikia alimfungua mtoto aliyekuwa mgongoni mwake, akamrushia mwanamke aliye juu. Mtoto alidakwa mguu mmoja. Bibi alifunga macho. Walimwona akitetemeka muda mrefu kabla ya kuanguka.

"Zima, Eli," Nyemo alisema akisimama.

"Wameua watu wetu wangapi? Mazoya yuko wapi?"

"Amekufa. Zima."

"Nikizima leo, kesho watarudi na ukoo mzima. Na wezi watajua. Na hizo nyumba za udongo, utando unaingia ukutani, dakika chache tu inakwisha." Sauti yake ilikuwa ile ile ya upole. "Kaa chini. Hutakuwa umefanya wewe. Nimefanya mimi."

Kulikuwa na njia moja ambayo haikuhitaji namba ya siri ya Elibariki. Utando wote ulikuwa mwili mmoja, unakunywa kutoka pampu moja, na Nyemo tangu mwanzo alikuwa amefunga kwenye pampu hiyo tangi la dawa ya kuuangamiza, iwapo siku moja ungekua wasiweze kuuzuia. Kugeuza koki kulitosha. Utando ungetema umeme wake wote ardhini na kufa, kutoka Chikombo hadi vilimani, na hakuna mbegu ambayo ingebaki hai kwenye matangi. Miji yote ingezimika. Isingewaka tena kesho, wala mwezi ujao.

Alipiga simu hospitali. Muuguzi mkuu, Sista Paskalina, alipokea haraka. Nyuma yake watu walikuwa wanalia.

"Sista, ni Nyemo wa kampuni. Umeme ukikatika sasa hivi, mna nini?"

"Sasa hivi? Mmetuletea majeruhi wamejaa mpaka veranda. Watatu wako kwenye mashine za kupumulia. Nina vichanga vinne kwenye mashine za joto, na mmoja yuko mezani tumbo wazi."

"Jenereta?"

"Dada yangu, jenereta iliuzwa chuma chakavu. Mlisema hatutaihitaji tena. Nipe nusu saa, tujipange."

Nyemo alikitazama kioo. Weusi ulikuwa umefika kwenye ukuta wa nyumba, unapanda. Watoto waliokuwa ukingoni mwa paa walikuwa wanasukumwa katikati.

"Sina nusu saa," alisema. "Anza sasa. Samahani, Sista."

Alikata simu. Elibariki alikuwa amesikia. Alisimama mbele ya mlango wa chumba cha pampu, mikono ameitandaza.

"Vichanga vinne," alisema. "Umesikia kwa masikio yako. Utawaua hao ili uwaponye waliomuua ndugu yako?"

"Nimesikia."

"Hutapita, Nyemo."

Alijaribu kupita. Elibariki alimkamata shingo, akamgonga ukutani mara mbili, na machoni mwake mlikuwa na machozi. Nyemo alimuuma kidole gumba hadi meno yakakutana na mfupa. Mkono ulipolegea alinyakua spana kubwa iliyoning'inia ukutani, akampiga nayo gotini, na alipoinama akampiga tena usoni. Alisikia shavu likivunjika. Elibariki alianguka, akamshika kifundo cha mguu, asiachie. Nyemo alimkanyaga mkono mpaka vidole vikafunguka.

Koki ilikuwa ngumu kwa kutu. Aliigeuza kwa spana ile ile.

*

Utando ulikufa kwa sauti. Mbuga nzima ilitoa mlio mmoja mrefu, kama wa bati kubwa linalochanwa, na vumbi likaruka juu kutoka kila mahali kwa wakati mmoja. Kisha weusi ukapauka ukawa kijivu, halafu mweupe, ukaanza kujikunja na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Kioo ukutani kilizimika. Feni ikazunguka kidogo, ikasimama.

Sakafuni Elibariki alikuwa analia, mkono usoni. "Miaka yote ile," alisema. "Nyemo, miaka yote ile."

Alimwacha pale, akachukua gari.

Barabara ya hospitali ilipita kando ya mbuga. Manusura walikuwa wanavuka juu ya maganda meupe, wamebeba watoto, na maganda yalikuwa yanavunjika chini ya miguu yao. Walipoona gari walisimama katikati ya njia. Gidamis alikuwa mbele. Hakuwa na mkuki tena. Mikononi alikuwa na yule bibi.

Nyemo alisimamisha gari, akateremsha kioo.

"Uliyemchoma juu ya meza alikuwa mdogo wangu," alisema. "Anaitwa Mazoya."

"Huyu ni mama yangu," alisema Gidamis. "Mke wangu ulimwona."

"Polisi wanakuja. Nitawaambia nilichokiona. Kukuhusu wewe, na kutuhusu sisi."

Gidamis alimtazama mikono, damu iliyokauka hadi viwikoni. Kisha aliwasemesha watu wake kwa lugha yao, nao wakasogea pembeni ya barabara, gari likapita.

Hospitalini madirisha yote yalikuwa wazi na vitanda vimesogezwa kwenye mwanga. Wanawake waliokuja kuona wagonjwa walikuwa wamefungua vifua, kila mmoja amemlaza kichanga katikati ya matiti na kujifunika khanga. Nyemo alivihesabu vichwa vidogo. Vilikuwa vitatu.

Sista Paskalina alikuwa kwenye wodi ya ndani, amepiga magoti kitandani, anabana mfuko wa mpira uliounganishwa na mdomo wa mlinzi aliyechomwa mkuki pale getini. Kitanda cha pili kilikuwa kimefunikwa shuka mpaka juu. Kwenye cha tatu mwanafunzi wa uuguzi alikuwa anabana mfuko mwingine.

"Kichanga cha nne?" Nyemo aliuliza.

"Kilikuwa kidogo mno. Hakikufika kwenye kifua cha mtu." Sista hakuinua macho. "Na huyu wa hapo, mfuko wa tatu hatukuuona. Aliyekuwa mezani tumemshona kwa mwanga wa dirishani, atapona. Nani amezima?"

"Mimi."

Muuguzi aliinua uso. Alikuwa mtu mzima, kilemba kimelegea, jasho limemlowesha mpaka kwenye kola. Alimtazama Nyemo kama anayetafuta pa kumpiga, na Nyemo alisimama akisubiri. Ulisikika mfuko tu, ukibanwa na kuachiwa.

"Mikono yako michafu," hatimaye Sista Paskalina alisema. "Nenda pale kwenye ndoo ukanawe. Na sabuni."

Nyemo alinawa. Maji yaligeuka mekundu, akamwaga, akanawa tena. Aliporudi, muuguzi alimshika viganja na kuviweka juu ya mpira, akambonyeza vidole mara mbili tatu mpaka akapata mwendo. Chini yake kifua cha mlinzi kiliinuka, kikashuka.

"Usiache kubana," Sista Paskalina alisema. "Ukichoka, sema. Lakini usiache."

Alinyanyuka, akaenda kwa mwingine. Nyemo aliendelea kubana.